Transista: Umeme Mdogo Utawalao Umeme Mwingi

Watu wengi, wa mashambani na wa mijini, hudhani kwamba "transista" ni jina la redio ndogo ya kuchukuliwa mkononi. Kwa hakika redio hiyo ilipewa jina la kitu kilichomo ndani yake. Transista yenyewe ni kipande chenye miguu mitatu, mara nyingi kisichozidi punje ya harage kwa ukubwa, na kazi yake ni kuutumia umeme mdogo kuutawala umeme mwingi.

Zamani kazi hiyo ilifanywa na valvu, yaani chupa za kioo zilizotolewa hewa, zenye waya mwembamba ndani uliopashwa moto mfano wa taa. Valvu zilikula umeme kwa wingi. Mwaka wa 1949 ilitolewa Rhodesia ya Kaskazini, ambayo sasa ni Zambia, redio ya valvu kwa ajili ya Waafrika, iliyoitwa Saucepan Special kwa kuwa sanduku lake lilikuwa la mviringo kama sufuria. Bei yake ilikuwa pauni 5, na betri yake kubwa peke yake shilingi 25. Basi kila betri ilipokufa mwenye redio alilipa robo ya bei ile tena, na wengi walionelea heri kukaa kimya.

Dawa ya taabu hiyo ilikuwa imekwisha kupatikana. Mwezi wa Desemba 1947, katika maabara ya Bell iliyoko Murray Hill, New Jersey, Marekani, John Bardeen na Walter Brattain walifaulu kukuza umeme kwa kipande cha madini kiitwacho jemaniamu. Mwezi uliofuata mwenzao, William Shockley, alibuni namna nyingine iliyo imara zaidi, nayo ndiyo inayoelezwa hapa. Wote watatu walitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1956.

Siku hizi transista za namna hiyo hufanywa kwa silikoni. Silikoni safi hupitisha umeme kwa shida. Ikitiwa fosforasi kidogo sana hupata ziada ya elektroni, zile chembe zichukuazo umeme. Ikitiwa boroni hupungukiwa na elektroni, zikabaki nafasi tupu. Transista ni tabaka tatu zilizoshikamana: mbili zenye ziada, na katikati moja jembamba mno lenye upungufu. Tabaka litoalo elektroni huitwa emita, lipokealo huitwa kolekta, na lile la kati ni besi. Ziko pia zilizopangwa kinyume chake, lakini kanuni ni ile ile.

Betri ikiunganishwa na emita na kolekta tu, umeme haupiti, kwa maana besi imeziba njia. Lakini besi ikipewa kama volti 0.6 au 0.7 kupita emita, elektroni huanza kumiminika ndani yake. Hapo ndipo penye ajabu. Besi ni nyembamba hata elektroni karibu zote huivuka kabla ya kunaswa katika nafasi tupu, zikavutwa na kolekta. Katika kila elektroni 100 zitokazo emita, yawezekana 99 zikafika kolekta na 1 tu ikaishia katika besi. Kwa hiyo umeme mchache wa besi ukiongezwa au kupunguzwa, ule wa kolekta hufuata, mara 99 zaidi.

Wakulima wa Marakwet, ambao mifereji yao huteremsha maji mlimani, watalifahamu jambo hili upesi. Mtoto aweza kukiondoa kizibo cha mfereji kwa mkono mmoja, maji yakajaa shambani. Lakini maji hayo yametoka mtoni, si mkononi mwa mtoto. Vivyo hivyo transista haizai nguvu yoyote. Nguvu yote hutoka katika betri, na betri ikifa hakuna transista iwezayo kuifufua.

Katika redio, umeme hafifu ulionaswa na eriali huingizwa katika besi ya kwanza, ukatoka umekuzwa, ukaingizwa katika ya pili, na kuendelea hata uweze kutikisa spika. Redio ya kwanza ya mfukoni ya namna hii kuuzwa madukani, Regency TR-1 ya mwaka wa 1954, ilikuwa na transista 4 tu. Baadaye wanunuzi walizoea kuhesabu, wakiamini kuwa nyingi ndiyo bora. Nao watengenezaji wengine wakazitia redio zao transista zisizofanya kazi yoyote, wapate kuandika hesabu kubwa kwenye sanduku!

Kazi ya pili ni kuwasha na kuzima. Taa ihitajiyo miliampea 100 yaweza kuwashwa kwa miliampea 5 au 10 katika besi. Sharti iwekwe rizista katika njia ya besi, la sivyo besi huungua mara moja. Simu na kompyuta za siku hizi hutumia transista za jamaa nyingine, mabilioni katika kipande kimoja, lakini hizi za tabaka tatu zingaliko katika vikuza sauti na vyombo vya kuchajia.

Adui yake mkubwa ni joto. Transista ikipata moto hupitisha umeme zaidi, na umeme ukizidi moto nao huzidi, hata iungue. Ndiyo sababu transista kubwa kama 2N3055 hufungwa juu ya bati nene la alumini. Bati hilo likitupwa wakati wa matengenezo, transista mpya haitadumu.

Na mwenye kubadili iliyoungua aiangalie miguu. BC547 na 2N3904 zafanana kabisa kwa umbo, lakini mahali penye emita ya moja ndipo penye kolekta ya nyingine.