Ada ya kuwinda ndege: pesa inaingia mfuko gani? (UZI)

1/ Jana kwa kibanda cha chai hapa Kawangware wasee waligawanyika. Wengine: "Ruhusuni matajiri wawinde kanga na kwale, walipe, pesa ilinde ndege." Wengine: "Zii, ndege si wa kuuza." Mimi naona kuna swali tuliruka. Twende polepole.

2/ Kenya ilipiga marufuku uwindaji 1977, lakini kanga na kwale hawakuguswa: mwenye leseni aliendelea kuwapiga. Sheria ya wanyamapori ya 2013 ndiyo ikafanya uwindaji wa starehe kuwa kosa.

3/ Wanaotaka ada hupenda mfano wa Marekani. Tangu 1934 mwindaji wa bata lazima anunue stempu ya serikali. Ilianza na dola 1, siku hizi ni 25. Senti 98 za kila dola huenda kununua na kulinda maeneo ya majimaji wanakoishi bata.

4/ Sasa shika hapa. Kilichofanya kazi si bunduki, ni sheria iliyofunga hiyo pesa isiende kwingine.

5/ Na kwetu? Katiba, Kifungu 206: pesa ya serikali ya kitaifa huingia mfuko mkuu, isipokuwa Bunge litunge sheria ya kuipeleka kwingine. Bila sheria hiyo, kanga atapanga foleni nyuma ya mishahara na madeni.

6/ Hata ikifungwa, ada hutegemea walipaji. Mnakumbuka kware, 2013-2014? Kila mtu alitafuta leseni ya KWS afuge. Soko likaanguka, wafugaji wakatoroka. Wawindaji nao wakipungua, nani atalipa?

7/ Halafu kuna haki. Tajiri akimpiga kanga kwa kibali, anaitwa mtalii. Kijana akimtega ale na mamake, anaitwa jangili. Kanga ni yule yule.

8/ Usiseme hii ni stori ya watu wa mbugani. Jina Kibera limetoka kwa neno la Kinubi la msitu. Angalia kama kuna msitu. Ndege humalizwa zaidi na kukosa makao kuliko na risasi.

9/ Mimi bado sitaki bunduki zirudi. Lakini mwanasiasa akikuahidi ada yoyote, ya ndege ama ya takataka, muulize: nani analipa? Sheria gani inafunga pesa? Nani anakagua hesabu? Akikosa jibu la pili, hiyo ni kodi tu imevaa manyoya.