Kwa nini umri pekee hauyalindi majengo ya kale ya Dar

MKAZI wa Kinondoni au Temeke anayepita Barabara ya Sokoine, kando ya bandari, huona miji miwili mahali pamoja. Chini limesimama Boma la Kale, pamoja na Kanisa la Mtakatifu Yosefu na lile la Kilutheri la Azania Front, yote mawili yaliyojengwa wakati wa utawala wa Wajerumani. Juu yake yamechomoza majengo ya ghorofa zaidi ya 30, yakiwamo minara pacha ya uliokuwa mfuko wa pensheni wa PSPF na jengo la Mamlaka ya Bandari.

Swali ambalo wengi hujiuliza ni hili: nani huidhinisha ghorofa jirani na jengo la kihistoria, na nani anaweza kukataa?

Kibali cha ujenzi hutolewa na halmashauri. Kwa eneo la katikati, mwenye dhamana ni iliyokuwa Manispaa ya Ilala, ambayo Februari 2021 ilipandishwa hadhi kuwa Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam. Kinondoni na Temeke hutoa vibali katika maeneo yao. Mwombaji huwasilisha uthibitisho wa umiliki wa kiwanja pamoja na michoro ya msanifu na ya mhandisi, nayo hukaguliwa na wataalamu wa halmashauri. Aidha, miradi mikubwa hupaswa kufanyiwa tathmini ya athari kwa mazingira, kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004.

Ulinzi wa majengo ya kale uko katika sheria nyingine, ambayo ni Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Hapo ndipo penye tatizo. Sheria hiyo hulitambua jengo kuwa ni kumbukumbu kwa umri wake endapo lilijengwa kabla ya mwaka 1863. Majengo ya baadaye hulindwa pale tu Waziri mwenye dhamana anapoyatangaza katika Gazeti la Serikali.

Mwaka huo unaiacha Dar es Salaam nje ya mlango. Sultani Majid wa Zanzibar alianza kuujenga mji huu katika miaka ya 1860, na Boma la Kale, mojawapo ya majengo yake makongwe kabisa, ni la takriban mwaka 1867. Kwa hiyo, karibu kila jengo la katikati ya jiji, liwe la Sultani, la Wajerumani, la Waingereza au la wafanyabiashara wa Kihindi, haliwezi kutegemea umri wake. Ni lazima litangazwe.

Lipo jambo la kushangaza zaidi. Sheria hiyo hiyo huulinda mlango wa mbao uliochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya mwaka 1940. Inawezekana basi mlango ukawa na ulinzi wa sheria, ilhali nyumba iliyoubeba haina.

Kwa upande mwingine, magofu ya Kunduchi, wilayani Kinondoni, yenye msikiti na makaburi ya karne nyingi zilizopita, yamo ndani ya ulinzi huo bila kusubiri tangazo.

Hata jengo linapotangazwa, jirani yake hubaki huru kujenga, isipokuwa eneo zima liwe limewekewa masharti. Zanzibar ilichukua njia hiyo: Mji Mkongwe una mamlaka yake ya hifadhi tangu mwaka 1985, na mwaka 2000 uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Kwa Bara, Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 inazipa mamlaka za upangaji nafasi ya kuhifadhi majengo yenye thamani ya kihistoria.

Suala hili si la uzuri wa macho pekee. Msingi wa ghorofa refu huchimbwa kwenda chini sana, na kuta za mawe ya matumbawe zilizoungwa kwa chokaa hazistahimili mtikisiko kama zege. Jiji linakumbuka Machi 29, 2013, jengo la ghorofa lililokuwa likijengwa katikati ya mji lilipoporomoka na kuua watu 36. Novemba 16, 2024, jengo jingine lilianguka Kariakoo na kuua zaidi ya watu 20. Ukaguzi dhaifu haumwathiri mwenye kiwanja peke yake.

Mwananchi afanye nini? Mradi unapohitaji kubadili matumizi ya ardhi, kusudio hilo hutangazwa kwa umma, na hapo ndipo pingamizi hupokelewa. Tathmini ya mazingira nayo huhitaji maoni ya wananchi. Diwani wa kata ndiye sauti ya wakazi ndani ya halmashauri.

Nafasi zote hizo huja kabla ya kibali kutiwa saini. Tingatinga likishaingia kiwanjani, kinachobaki huwa ni kumbukumbu za picha.