Siku za Mwisho za Theron

Wajukuu zangu wa Kabuchai, leo nawapeleka kwenye bahari inayoganda, chini kabisa ya dunia. Lakini kwanza tupite Kitale, maana mtu ninayemfuata aliyajua maji yenye hila huku kwetu kabla ya kuyajua ya kule.

Jina lake Vivian Fuchs, Mwingereza, mtaalamu wa miamba. Mwaka 1934, akiwa na miaka 26, aliongoza msafara wa wanasayansi kwenda ziwa ambalo wakoloni waliliita Rudolf, nasi tunaliita Turkana. Siku hizo reli ya upande huu iliishia Kitale. Aliyetaka kwenda Lodwar alipakia lori pale, akayaaga mashamba ya mahindi, akateremka kwenye joto. Julai ya mwaka huo wenzake wawili, daktari Dyson na mpima ardhi Martin, walibaki kufanya kazi katika Kisiwa cha Kusini, ndani ya ziwa hilo. Siku ya kurudi ikafika, ikapita. Ndege ilitumwa kuwatafuta, isiwaone. Ziwa Turkana lina upepo unaoamka ghafla, na mashua yao ilikuwa ndogo. Hawajapatikana hadi leo.

Ndiyo maana nasema, Fuchs alikuwa na kovu moyoni kabla hajaona siku ninayotaka kuwasimulia.

Miaka ikapita, vita kuu ikaja ikaondoka, na Fuchs akapata wazo ambalo wengi waliliona la kichaa: kuivuka Antaktika nzima kwa magari, kutoka bahari hii hadi bahari ile. Tarehe 14 Novemba 1955 aliondoka London kwa meli iitwayo Theron. Ilikuwa meli ndogo ya Kanada, iliyozoea kuwinda sili kwenye maji ya barafu huko kaskazini, na nahodha wake aliitwa Harald Marø. Ilibeba mbwa wa kuvuta sleji, matrekta, ndege ndogo, mbao za nyumba na mapipa ya mafuta. Kati ya abiria alikuwamo Edmund Hillary, yule aliyefika kilele cha Everest pamoja na Tenzing Norgay mwaka 1953. Hillary alikuja kutazama na kujifunza, kwa sababu msafara wa New Zealand ungeanzia upande wa pili wa bara chini ya uongozi wake.

Meli ilielekea Bahari ya Weddell. Bahari hiyo ina sifa mbaya, na sababu yake ni rahisi kuelewa. Mkondo wake huzunguka polepole kama mkono wa saa na kuibeba barafu hadi kwenye rasi ndefu ya magharibi, na barafu ikikosa pa kutokea hujazana na kubanana. Meli ikiingia katikati hubanwa nayo. Endurance ya Ernest Shackleton ilinaswa humo Januari 1915, ikakamuliwa hadi mbao zikapasuka, ikazama Novemba mwaka huohuo. Mabaki yake yalionekana mwaka 2022, mita 3,008 chini ya maji. Mmoja wa waliokuwa ndani ya Endurance, James Wordie, ndiye aliyekuja kuwa mwalimu wa Fuchs huko Cambridge na kumpeleka Greenland akiwa kijana. Kwa hiyo Fuchs hakuisoma habari hii vitabuni tu.

Theron nayo ilinaswa. Kwa takribani mwezi mmoja ilihangaika ndani ya barafu, watu wakishuka na majembe na miti kuisaidia kujinasua, na ndege ndogo ikiruka juu kutafuta njia ya maji. Mwishoni mwa Januari 1956 ndipo ilipofika Ghuba ya Vahsel. Mwezi mzima wa kiangazi ulikuwa umepotea, na kiangazi cha kule ni kifupi.

Sasa hapa msinisinzie. Hizi ndizo siku za mwisho melini.

Mmeona uji wa wimbi ukipoa bakulini, jinsi utando mwembamba unavyotanda juu yake? Bahari ya kule nayo huanza hivyo. Maji ya chumvi huganda yakishuka hadi karibu nyuzi 2 chini ya sifuri. Utando ukitokea Februari, nahodha hahitaji kalenda, anajua mlango unafungwa. Asipoondoka, atakaa miezi mingi, na huenda asiondoke kabisa.

Basi watu walipakua shehena kwa zamu, mchana na usiku, na usiku wenyewe ulikuwa na mwanga. Masanduku yalishushwa kwenye barafu iliyoshikamana na ufuko, kisha magari ya minyororo yakayavuta kwenda juu, mahali ambapo kambi ingejengwa. Kila mtu alibeba, Hillary naye akiwamo. Upepo ulivuma, mawimbi yakapanda juu ya ukingo wa barafu na kulowesha mizigo iliyokuwa bado haijavutwa. Kazi haikuwa imekaribia kwisha.

Tarehe 7 Februari uamuzi ukatoka, na ulitoka ghafla: Theron inaondoka. Hakukuwa na sherehe wala hotuba ndefu. Watu wanane walishuka kubaki, wakiongozwa na Ken Blaiklock. Mmoja wao alikuwa Mwafrika Kusini, Hannes la Grange, mtaalamu wa hali ya hewa. Fuchs mwenyewe alibaki melini, kwa sababu mwaka uliofuata ilimpasa kuleta watu na vifaa vilivyobaki. Fikirini alichokiona kutoka sitahani: wenzake wanane, mizigo iliyotapakaa, nyumba isiyokuwa na ukuta hata mmoja.

Wale wanane waliishi ndani ya kasha la mbao lililokuwa limebeba gari la theluji liitwalo Sno-Cat. Humo walipika na kula, na usiku walilala kwenye mahema. Mwezi Machi dhoruba ikaja, ikaivunja barafu ya ghubani na kuichukua pamoja na vyote vilivyokuwa juu yake: mafuta, makaa ya mawe, mbao, hata trekta moja aina ya Ferguson. (Ndiyo, ndugu wa yale mnayoyaona yakilima Trans Nzoia.) Kisha jua likazama kwa miezi kadhaa. Katika giza hilo waliendelea kuijenga nyumba, kipande kwa kipande, baridi ikishuka hadi nyuzi 50 chini ya sifuri.

Januari 1957 Fuchs alirudi kwa meli nyingine, Magga Dan. Aliwakuta wote wanane wakiwa hai, na nyumba imesimama.

Wapo waliosema baadaye kwamba Theron iliondoka kwa pupa. Mimi sikubaliani nao. Meli ingechelewa, wote wangenaswa, na pasingekuwa na mtu wa kurudi na msaada. Lawama kwa Fuchs ni kwamba alifika kwa kuchelewa. Kuondoka kwake kulikuwa sahihi. Na waliokuwa na haki ya kwanza ya kumlaumu walijibu kwa miguu yao. Blaiklock na la Grange walikuwa miongoni mwa watu 12, Fuchs akiwamo, waliotoka katika kambi hiyo tarehe 24 Novemba 1957, wakapita Ncha ya Kusini, na baada ya siku 99 na kilomita 3,473 wakaingia Scott Base, upande wa pili wa Antaktika, tarehe 2 Machi 1958.