Bakuli Jeupe Lilitoka Wapi?



Hapa Dodoma sote tunaujua mtungi. Maji hupenya kidogo kidogo katika udongo wake, mtungi hutoka jasho, na maji hupoa. Lakini katika karne ya 9 Miladia (ya 3 Hijria), wafinyanzi wa Iraq walitengeneza mabakuli yasiyotoka jasho. Waliyapaka uji wenye unga wa mchanga, risasi na bati, kisha wakayachoma. Uji uliyeyuka ukawa kama kioo, na bati ndilo lililoleta weupe unaoficha rangi ya udongo.

Vipande vya vyombo hivyo vimechimbuliwa Unguja Ukuu, na pia Manda na Shanga karibu na Lamu. Je, vilitengenezwa wapi? Ukitazama umbo na weupe utasema China, kwani vyombo vya China ndivyo vilivyoigwa. Wataalamu walitaja Samarra, kwa kuwa vingi vilipatikana huko Wajerumani walipochimba mwaka 1911 hadi 1913. Baadaye udongo wenyewe ulipimwa kwa hadubini, ukaonyesha mji wa Basra.

Mazingatio ni haya: mahali kilipookotwa chombo si lazima pawe ndipo kilipofinyangwa. Sura Al-Hujurat, aya ya 6, inatufundisha kuhakikisha habari kwanza. Basi ukiona kigae cha kale, kiache palepale umjulishe mwalimu. Kikihamishwa, sehemu kubwa ya habari yake hupotea.