Msitu mkubwa, udongo mwembamba: tuuelewe mlima wetu Rwenzori

Kuna neno tunalolisikia mara nyingi katika makanisa yetu ya Watalinga tangu vita vilipoanza kututenga na mashamba yetu ya bondeni: "Kule juu mlimani msitu ni mkubwa, basi udongo wake ni mzuri. Tupande tukalime." Wanaosema hivyo ni baba na mama wenye njaa ya haki. Mwezi Julai 2013, ADF waliposhambulia Kamango, zaidi ya watu 60,000 walivuka mpaka kwenda Bundibugyo kwa siku chache tu. Waliorudi, wengi wao walikuta kakao imegeuka kichaka, na hata leo kuna mashamba ambayo mtu haendi bila kuaga nyumbani kama anayesafiri mbali. Mtu wa namna hiyo akiutazama mlima na kuuliza habari ya udongo wake, ni vibaya kumjibu kwa neno moja tu, kwamba kule ni mbuga ya Virunga na ni marufuku. Ni marufuku kweli, na sheria ina sababu zake, lakini udongo wenyewe una jibu lililo wazi zaidi.

Tuanze na mfano wa mpanzi, maana kila mkristo anaujua. Katika Mathayo 13 mbegu nyingine zinaangukia penye mwamba. Wahubiri wengi huwaza shamba lililochanganyika na mawe. Neno la Kiyunani linaelekea kwenye jambo lingine: mwamba mpana ulio chini, na juu yake ngozi nyembamba ya udongo. Luka, katika sura yake ya 8, anaongeza kitu ambacho Mathayo hakukitaja: mmea ule ulikosa unyevu. Mkulima wa Galilaya aliyajua mambo hayo mawili, udongo mfupi na maji yanayokauka upesi. Rwenzori inalo lile la kwanza. La pili haina, kwa sababu mvua na ukungu havikatiki kule, na ndiyo maana juu ya mwamba ule umesimama msitu badala ya majani makavu.

Udongo umekuwaje mwembamba hivyo? Ndugu zetu wa Goma wanaishi chini ya milima ya moto. Nyiragongo na Nyamulagira humwaga majivu na lava, na vitu hivyo vikioza hutoa udongo mweusi wenye rutuba. Rwenzori haikuzaliwa kwa moto. Ni kipande cha mwamba wa kale sana, mgumu, kilichosukumwa juu wakati bonde la Semuliki likishuka. Mwamba wa namna hiyo huoza polepole, na kwenye baridi ya juu huoza polepole zaidi. Udongo unaotoka humo mara nyingi ni mchachu na hauna chakula kingi cha mmea.

Kisha ikaja barafu. Leo barafu imebaki kwenye vilele tu, kama Margherita, wenye mita 5,109, ambao ni mpaka wetu na Uganda. Lakini miaka zaidi ya 20,000 iliyopita, wakati dunia yote ilikuwa baridi, barafu ilijaza mabonde na kushuka chini sana. Upande wa Uganda, katika bonde la Mubuku, alama zake zinaonekana hadi karibu mita 2,100, mahali ambapo leo ni msitu mzito. Upande wetu barafu ilishuka vilevile kwa bonde la Butahu, ile njia ya wapanda mlima wanaotokea Mutwanga. Jean de Heinzelin, mtaalamu wa miamba kutoka Ubelgiji, alichapisha mwaka 1953 kitabu kuhusu jinsi barafu ya magharibi ya mlima Stanley ilivyorudi nyuma hatua kwa hatua.

Barafu nene haikai tu kama theluji juu ya bati. Inateleza kwa uzito wake, pole sana, na mawe yaliyoganda tumboni mwake yanakwangua mwamba kama randa ya seremala. Udongo wote wa zamani, uliotengenezwa kwa miaka mingi sana, ulichukuliwa. Barafu ilipoyeyuka iliacha vitu viwili. Kuta za mabonde zilibaki mwamba mtupu uliolainishwa. Chini na pembeni zilibaki tuta kubwa za mawe, changarawe na unga wa mwamba, vyote vimevurugika pamoja. Wataalamu wanaziita moreni. Kwa hiyo udongo wa kule umeanza upya juzijuzi tu, tukihesabu kwa saa ya milima. Kwenye mteremko mkali haujapata hata nafasi ya kujikusanya, maana kila mvua inashusha kidogo.

Hapa ndipo msitu unapotushangaza. Mti mkubwa unakulaje juu ya udongo usiofika kiwiko cha mkono? Unakula majani yake mwenyewe. Majani na matawi yanaanguka, baridi inayazuia kuoza haraka, na yanakuwa godoro jeusi linalofunika mwamba. Juu ya mita 2,500 tunakuta mianzi. Juu ya mita 3,000 miti ya erika iliyovaa ndevu za kijani, na chini yake zulia la mimea laini kama sufu, ambalo ukilikamua linatoa maji. Mizizi haishuki, kwa kuwa ikishuka inagonga mwamba. Inatambaa pembeni, inashikana mti kwa mti, inabana mawe. Godoro linalisha mizizi, na mizizi inalishika godoro lisiteleze. Akiba yote ya shamba lile iko juu, ndani ya majani yanayooza na ndani ya miti yenyewe. Chini hakuna ghala.

Sasa fikiri mtu akate na kuchoma. Majivu yatampa msimu wa kwanza viazi na maharagwe ya kumfurahisha, labda na wa pili. Hapo ndipo watu wengi wanadanganyika, kwa sababu ushuhuda wa mwaka wa kwanza husafiri upesi kijijini. Lakini ghala limeungua. Jua linalipiga lile godoro lililokuwa na maji siku zote. Linakauka, linapasuka, na mfano wa mpanzi unatimia mbele ya macho yetu. Mizizi ya zamani inaoza baada ya miaka michache, na mshiko unaachia. Mvua kubwa ikija, maji yanapenya udongo mpaka kwenye mwamba laini, yanakosa njia ya kushuka, yanatembea kati ya mwamba na udongo. Mteremko mzima unaweza kuteleza kama mkeka juu ya sakafu iliyomwagiwa maji.

Majirani zetu wa Kilembe, wilaya ya Kasese, wanalijua hilo kwa machozi. Mwaka 2012 moto uliteketeza sehemu ya juu ya bonde la mto Nyamwamba. Tarehe 1 Mei 2013 mvua kubwa ilishuka, ardhi ikaporomoka, na mto ukabeba mawe makubwa hadi mjini. Nyumba, madaraja na hospitali ya Kilembe viliharibika. Watafiti waliochunguza janga lile walitaja mvua, maporomoko na ule moto kwa pamoja. Mei 2020 mto ulirudi, na hospitali ikapigwa tena. Tena, mlima wetu hutikisika: tetemeko la Machi 1966 liliua watu Toro na kufika mpaka Beni. Mteremko ulioshikwa na mizizi unaweza kuvumilia mtikiso ambao mteremko mtupu hauuvumilii.

Wengine wanatuuliza kama barafu inayopungua ndiyo itakayokausha mito. Imepungua kweli, kutoka kilomita za mraba 6.5 hivi mwaka 1906 hadi chini ya moja mwaka 2003. Ni hasara ya kusikitisha. Hata hivyo maji mengi ya mito yetu yanatokana na mvua, na mvua ile inashikwa na godoro la msitu na matope meusi ya mabonde ya juu, kisha inaachiliwa kidogo kidogo. Kwa mkulima wa Kamango lile godoro lina kazi kubwa kuliko barafu.

Na Kamango yenyewe? Barafu haikufika kwetu. Sisi tuko chini, na udongo wa bonde umeletwa na mito kwa muda mrefu sana, ni wenye kina. Kakao inahitaji kina hicho, maana mzizi wake mkuu unashuka zaidi ya mita moja; tena haipendi baridi, hivyo mlimani haitazaa hata kama mwamba usingekuwepo. Mtu asiyeamini na atazame mti ulioangushwa na upepo. Wa bondeni hukatika shina au hung'oka na shimo refu. Wa mlimani hulala na mizizi yake yote, bapa kama sinia, na chini yake unaona jiwe.

Makanisa yetu mengi yana viwanja vilivyozungukwa na majani tu, karibu na nyumba za watu, ambapo mtu analima na kurudi kabla ya jua kuzama. Tunawaomba wazee wa kanisa na mama wa idara ya wanawake wavipime kabla ya msimu wa maharagwe, wavigawe kwanza kwa familia za wahami na za wajane, bila kodi, hata kama ni hatua ishirini kwa ishirini. Kabla ya kugawa, chimbeni shimo la kufika gotini katika kila pembe.