Takriri ya Mwanzo Katika Majina ya Vitabu

Miongoni mwa wasomaji wa Kiingereza umeenea mchezo wa kusoma kwa masharti. Maktaba au kikundi cha wasomaji hutoa orodha ya masharti ya mwaka mzima: kitabu chenye jina la rangi, kitabu kilichochapwa mwaka aliozaliwa msomaji, na kadhalika. Kila mshiriki hutafuta kitabu kinacholingana na kila sharti. Hakuna ashindaye wala ashindwaye. Kwa hiyo neno shindano halifai, na ni afadhali tuseme changamoto ya usomaji, tukikumbuka kwamba changamoto ni ndugu wa changamka. Faida yake ni kumwondoa msomaji katika rafu aliyoizoea.

Sharti mojawapo ni kusoma kitabu ambacho maneno ya jina lake huanza kwa sauti moja, kama vile Pride and Prejudice cha Jane Austen (1813). Sharti hili likihamishiwa katika Kiswahili bila kufikiriwa, huleta matata. Tuseme mwanafunzi mmoja analeta Siri ya Sifuri, wa pili Kidagaa Kimemwozea, na wa tatu Wimbo wa Lawino. Je, wote watatu wametimiza sharti? Mwalimu asiye na kanuni atamkubali huyu na kumkataa yule kwa kubahatisha, na mtoto aliyesoma kitabu kizima atarudi nyumbani akidhani kazi yake ni bure. Hatuna budi basi kuwa na istilahi, na baada ya istilahi, kanuni.

Istilahi

Baadhi ya walimu husema vina vya mwanzo. Jina hili lapotosha. Katika ushairi wetu kina ni silabi inayolingana katikati au mwishoni mwa mshororo, na anayesikia vina vya mwanzo atatafuta silabi nzima, hali linalotakiwa ni sauti tu. Wengine husema takriri konsonanti. Hili ni bora zaidi, lakini lina kasoro mbili: halisemi sauti inarudiwa mahali gani pa neno, na linaziacha nje irabu. Tunapendekeza takriri ya mwanzo. Neno takriri limekwisha kuzoeleka katika uhakiki kwa maana ya kurudiarudia, na neno mwanzo linaonyesha mahali pa marudio hayo.

Kiswahili na lugha nyingine

Zipo lugha ambazo takriri ya mwanzo ndiyo nguzo ya ushairi wake. Utenzi wa Beowulf, wa Kiingereza cha kale, haukufungwa kwa vina bali kwa sauti za mwanzo wa maneno. Karibu nasi zaidi, katika ushairi wa Kisomali sauti moja huchaguliwa na kurudiwa mwanzoni mwa neno katika kila mstari, tangu mwanzo wa shairi hata mwisho, na irabu zote huhesabiwa kuwa sauti moja. Katika lugha hizo takriri ni kazi ya fundi.

Kwetu mambo ni tofauti. Mtu akisema “vitabu vizuri vimepotea”, amekwisha kurudia sauti moja mara tatu, wala hakukusudia usanii wowote. Ni upatanisho wa ngeli ndio uliomlazimisha. Huenda hii ni sababu mojawapo ya washairi wetu wa jadi kutegemea vina na mizani: kile apewacho kila mtu bure hakiwezi kuwa kipimo cha ufundi.

Aina mbili za takriri

Kutokana na hayo, yafaa tutenganishe takriri ya upatanisho na takriri ya uteuzi.

Takriri ya upatanisho hutokana na sarufi. Katika Kidagaa Kimemwozea, riwaya ya Ken Walibora, ki- ya kitenzi imeitwa na ki- ya nomino. Takriri ya uteuzi hutokana na mwandishi. Katika Kifo Kisimani, tamthilia ya Kithaka wa Mberia, kila nomino ina ki- yake yenyewe. Hakuna iliyomlazimisha mwenziwe. Siri ya Sifuri ya Muhammed Said Abdulla (1974) ni mfano mzuri zaidi. Maneno yote mawili yana asili ya Kiarabu, na huko huanza kwa herufi mbili tofauti, sini na sadi. Kiswahili ndicho kilichozifanya kuwa sauti moja; kwa hiyo takriri hiyo ilizaliwa hapa kwetu.

Hata hivyo, mpaka baina ya aina hizi si ukuta. Mwandishi huyo huyo alitoa Mke Mmoja Waume Watatu (1975). Mmoja na watatu ni upatanisho mtupu, lakini kuzipanga jozi mbili zikabiliane, m kwa m na w kwa w, ni uteuzi wa fundi. Sarufi ilimpa matofali. Nyumba aliijenga mwenyewe.

Kwa mfasiri

Tofauti hii humsaidia pia mfasiri. Akitaka kuhifadhi takriri ya jina la Austen, anaweza kushawishika kuandika Kiburi na Kisirani. Sikio litafurahi, lakini maana itakuwa imesalitiwa, kwani kisirani ni mkosi, wala si hukumu itolewayo kabla ya kumjua mtu. Maana ikigongana na sauti, maana itangulie. Lakini mara nyingine lugha yenyewe humsaidia mfasiri. Tamthilia ya Kigikuyu Ngaahika Ndeenda, iliyochezwa Kamiriithu mwaka 1977, ina vitenzi viwili vyenye nafsi ya kwanza. Kwa Kiswahili iliitwa Nitaolewa Nikipenda, na takriri ikabaki bila kutafutwa, kwa kuwa sarufi za lugha hizi mbili ni za ukoo mmoja.

Kanuni zinazopendekezwa

1. Ihesabiwe sauti, si herufi. Sh si s, wala ch si k. Katika Kisima cha Giningi, cha ni ya ngeli ya ki-, lakini sikio halisikii k.

2. Viunganishi na vihusishi, kama vile wa, ya, na, katika, visihesabiwe, wala visivunje takriri. Siri ya Sifuri inakubalika. Wimbo wa Lawino haikubaliki, kwa kuwa w ya pili ni ya kiunganishi.

3. Katika changamoto ya kawaida, takriri ya upatanisho ikubaliwe. Kidagaa Kimemwozea inatimiza sharti.

4. Takriri ya jozi, kama ile ya Mke Mmoja Waume Watatu, ikubaliwe pia.

5. Kwa madarasa ya juu, mwalimu aweza kudai takriri ya uteuzi peke yake, mradi atangaze hivyo kabla vitabu havijaazimwa.

Kanuni ya tano ndiyo yenye uzito. Sharti linalotangazwa baada ya kitabu kusomwa si sharti, ni mtego. Aidha, kulikataa jina la Kiswahili kwa sababu tu upatanisho wetu ni mwingi ni kuipima lugha hii kwa pishi ya wengine. Walimu na wakutubi watakaozijaribu kanuni hizi wanaombwa watuandikie, wataje hasa majina ya vitabu yaliyowashinda kuyaamua.