Sashe ya Takataka Tunainunua, Mbolea Tunaitupa



Mwezi huu hatutazungumza juu ya mbegu wala juu ya wadudu. Tutazungumza juu ya kitu kinachokaa nyuma ya kila jiko: takataka. Wengine watauliza, takataka na kilimo vinahusiana wapi? Vinahusiana sana. Tutaanza na kosa letu wenyewe.

Tulikuwa tunafuata koperative moja ya wakulima wa mboga, karibu na soko. Wakati wa salongo tuligawa sashe kubwa nyeusi, ili kila nyumba iweke takataka zake vizuri. Watu walifurahi, njia zikawa safi. Mradi ulipoacha kugawa, nyumba nyingi ziliendelea kununua sashe kwa franga zao. Lakini hakukuwa na gari la kuzichukua. Sashe zikijaa, zilitupwa kwenye korongo. Mvua za Septemba zilipoanza, zilishuka nazo mpaka kwenye mtaro wa bonde. Mtaro ukaziba, maji yakaingia kwenye shu na maharagi.

Tulishuka na majembe kuzibua. Tulipopasua zile sashe, tulikuta nini? Maganda ya viazi, maganda ya ndizi, vikonyo vya sombe, majivu, majani ya shu. Plastiki na chuma vilikuwa kidogo tu. Mama mmoja akasimama akatuangalia, akasema: "Kumbe tulinunua sashe ya kufungia mbolea, halafu tunaomba mkopo wa kununua mbolea ingine."

Alikuwa na haki. Msimu ule ule koperative ilikuwa inatafuta deni la kununua mbolea ya duka. Tangu siku ile hatugawi tena sashe. Tunafundisha kutenganisha.

Tupige hesabu kwanza

Bei inabadilika toka soko moja mpaka lingine, kwa hiyo kila mtu aweke bei ya kwao. Sisi tunachukua mfano tu. Tuseme sashe moja kubwa ni franga 500, na nyumba inatumia 3 kwa juma. Hiyo ni franga 1.500 kwa juma. Mwaka uko na majuma 52, basi ni franga 78.000 kwa mwaka. Koperative ikiwa na nyumba 30 zinazofanya vile, ni franga 2.340.000. Pesa hiyo yote inaishia kwenye korongo.

Ile pesa ingeweza kuingia kwenye sanduku la AVEC, ama kununua mbegu nzuri, ama kusaidia minerval ya mtoto. Hata kama nyumba yako inanunua sashe 1 tu kwa juma, piga hesabu ya mwaka mzima. Pesa ndogo inayotoka kila juma haionekani, lakini ikikusanyika inatisha.

Juu ya nini tunahitaji sashe?

Swali hili ni la maana. Karatasi haivuji maji. Chupa haina harufu. Kinachotufanya tununue sashe ni takataka mbichi: maganda, mabaki ya bugali, majani ya mboga. Zinatoa maji, zinanuka, zinaleta nzi.

Harufu mbaya inatoka wapi? Ndani ya vitu vibichi kuna vijidudu vidogo sana visivyoonekana kwa macho. Vikipata hewa, vinaozesha takataka vizuri na zinanukia kama udongo wa porini. Vikikosa hewa, wanachukua nafasi wale wengine wanaotoa harufu ya uvundo. Sashe iliyofungwa haina hewa ndani. Maana yake, sashe tunayonunua ili kuzuia harufu, njo yenyewe inaipika ile harufu.

Ukitoa takataka mbichi pembeni, zile zinazobaki ni kavu. Zinaweza kukaa kwenye kiloba cha zamani cha muchele ama cha bunga, bila harufu, majuma mengi. Na ni kidogo, kwa sababu katika nchi zenye uchumi kama wetu, zaidi ya nusu ya takataka ni vitu vya chakula na majani. Kwa nyumba ya mkulima, majivu na mabaki ya shamba yanaongeza tena.

Vyombo vitatu, bila kununua kitu

*Cha kwanza: ndoo ya vitu vibichi.* Tumia ndoo iliyopasuka mdomo ama bidon ya lita 20 iliyokatwa juu. Weka chini majani makavu ama unga wa mbao, kiganja kimoja au viwili. Kila mara ukimwaga maganda, nyunyizia tena majani makavu juu. Hayo yananywa maji na kuzuia nzi. Mwaga ndoo kila siku ama kila siku mbili, usingoje ijae mpaka juu.

*Cha pili: kiloba cha vitu vikavu.* Hapa tunaweka plastiki, chupa, vikopo, matambara. Kiloba kikae chini ya dari. Kikipigwa na jua miezi mingi, nyuzi zake zinakatika na kuwa vipande vidogo vinavyoingia kwenye udongo.

*Cha tatu: kopo la vitu vya hatari.* Mawe ya tochi na ya radio, nyembe, vioo, dawa zilizopita muda. Kopo liwe na kifuniko, na likae mbali na watoto. Vitu hivi havigusi shamba wala choo.

Maganda ya muhogo na ya viazi vitamu, wengi wanawapa mbuzi na nguruwe. Ni vizuri, lakini maganda ya muhogo mchungu yakaushwe kwanza kwenye jua, kwa sababu mabichi yako na sumu. Yanayobaki yaende kwenye lundo.

Namna ya kujenga lundo

Kazi hii tunaiita komposti. Juni ni mwezi mzuri wa kuanza, kwa sababu lundo linahitaji karibu miezi 3, na Septemba tunapanda. Kwenye milima ya baridi linaweza kuchukua mwezi mmoja zaidi.

Chagua pahali penye kivuli, mbali na kisima, karibu na shamba la mboga. Huko chini wengi wanachimba shimo. Lakini kwa wale wa upande wa Goma na Sake, wanaokaa juu ya mawe ya volkano, shimo ni mateso. Jenga lundo juu ya ardhi, ni sawa kabisa. Zunguka na miti ama mawe ili kuku wasitawanye.

1. Chini kabisa, panga vijiti na mabua ya mahindi, ili hewa iingie.
2. Weka tabaka la vitu vikavu, sentimetre 20: majani ya migomba yaliyokauka, nyasi, maganda ya maharagi.
3. Weka tabaka la vitu vibichi, sentimetre 10: maganda ya jikoni, magugu yasiyo na mbegu, majani ya titonia, lile ua la njano linaloota pembeni ya njia. Titonia inaoza upesi na iko na chakula kingi cha mimea.
4. Tupa juu mavi ya mbuzi, ya ng'ombe, ya kuku ama ya sungura, tabaka jembamba. Kisha udongo kidogo.
5. Majivu: kiganja kimoja au viwili kwa kila tabaka, si ndoo nzima. Majivu mengi yanapoteza azote ya mavi, inapanda hewani.
6. Nyunyiza maji. Wakati wa kiangazi maji ni shida, basi tumia maji ya kuoshea mboga na muchele.
7. Rudia mpaka lundo lifike metre 1 ama metre 1 na nusu. Funika na majani ya migomba.

Juu ya nini metre 1? Lundo dogo linapoteza joto. Lundo kubwa linajipika lenyewe, linaweza kufika digrii 55 mpaka 65 katikati, na joto hilo linaua mbegu nyingi za magugu. Kama takataka ya nyumba yako ni kidogo, unganeni nyumba 3 ama 4 kwenye lundo moja.

Fimbo njo daktari wa lundo

Choma fimbo ndefu mpaka katikati. Baada ya siku 4 ama 5, itoe na uishike. Ikiwa ya moto na yenye unyevu, kazi inaendelea. Ikiwa ya moto lakini kavu, ongeza maji. Ikiwa baridi na kavu, ongeza maji na vitu vibichi. Ikiwa baridi, yenye matope na harufu, maji yamezidi: fungua lundo, changanya na majani makavu.

Kupima maji tumia mkono. Kamata kiganja cha komposti, kamua. Matone machache yakitoka, ni sawa. Maji yakitiririka, ni mengi.

Geuza lundo baada ya majuma 3, vya nje viingie ndani. Geuza tena baada ya majuma mengine 3. Ikiwa tayari, ni nyeusi, inavunjika mkononi, haina moto, na hutambui tena ganda la ndizi.

Vitu visivyoingia

Plastiki, hata vipande vidogo. Mawe ya tochi. Nyama na mafuta, kwa sababu yanaita panya. Mavi ya mbwa, ya paka na ya watu. Majivu ya moto uliochomewa plastiki.

Na migomba yenye ugonjwa wa mnyauko, ule unaofanya majani yageuke njano na ndizi ziive kabla ya wakati na kuoza ndani. Usisafirishe mgomba ule wala majani yake mpaka kwenye lundo. Ukate, uache palepale shambani, kisha pitisha mupanga kwenye moto kabla ya kugusa mgomba mwingine.

Je, tuache mbolea ya duka?

Hapana, hatutawadanganya. Kiloba cha kilo 50 cha urea kiko na kilo 23 za azote. Komposti kavu ya kilo 100 kwa kawaida iko na kilo 1 ama 2 tu. Kwa hiyo lundo moja la nyumba halitalisha hektari ya mahindi.

Lakini komposti inafanya kazi ambayo urea haiwezi. Inafanya udongo ushike maji jua likiwaka, na ushike ile mbolea ya duka isikimbie na mvua. Ianze kwenye shamba la mboga: viganja viwili kwa kila shimo la shu ama nyanya, ama kilo 1 mpaka 2 kwa metre moja ya mraba, ukichanganya na udongo wa juu. Kisha mbolea ya duka kidogo inatosha pale ambapo zamani uliweka nyingi.

Na zile plastiki zinazobaki?

Hapa dawa ya kwanza ni kutozileta nyumbani. Nenda sokoni na kitunga ama na mfuko wa kitambaa. Nyama ifungwe kwenye jani la mgomba, mafuta ya ngazi yaende na chupa yako. Serikali yetu, kwa dekre ya tarehe 30 Desemba 2017, ilikataza sashe za plastiki za kuuzia chakula na vinywaji. Wanaovuka kwenda Rwanda wanajua: kule zilikatazwa tangu 2008, na mpakani unaombwa kuiacha.

Usizichome. Moshi wa plastiki ni sumu, na mama aliye karibu na moto na mtoto mgongoni wanaumeza wa kwanza. Usizitupe kwenye mto pia. Watu wa Bukavu wanajua namna takataka za Ziwa Kivu zinavyofika kwenye barrage ya Ruzizi na kuziba mashini, umeme ukakatika. Na ng'ombe akimeza sashe yenye harufu ya chumvi, inabaki tumboni, inaziba, anakonda na anaweza kufa. Ng'ombe mmoja ni mali ya mwaka mingapi?

Chupa nzima na bidon zioshwe, ziuzwe ama zitumiwe tena. Isipokuwa za dawa za shamba: hizo zisuuzwe mara 3, maji yake yaingie kwenye pompe ya kunyunyizia, kisha zitobolewe. Zisiwekwe maji, mafuta wala chumvi hata siku moja. Plastiki iliyobaki ikae kwenye kiloba, na koperative itafute pahali pamoja pa kuzikusanya.

Kazi ya mwezi huu

Tunaomba kila kundi la nyumba 10 lifanye kipimo kidogo. Kwa siku 7, tenganisha takataka mbichi na kavu, hesabu mabeseni ya kila upande, na andika ni sashe ngapi mlinunua juma lililopita. Leteni karatasi kwenye mkutano wa koperative. Tutahesabu pamoja, mbele ya wote, pesa na mbolea.

Ile koperative ya mtaro ulioziba ilianza hivyo hivyo, kwa malundo 4. Korongo halijawa safi kabisa, tunasema ukweli. Lakini mtaro unapitisha maji, na yule mama aliyetucheka njo anayesimamia fimbo za malundo yote. Mkipita kwake, msimwachie sashe.